Kiti cha Sajini

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa refa wa mieleka ya shule za sekondari hapa Wausau, mji wetu wa theluji. Asinicheke mtu kabla sijamaliza, maana kujicheka nitajicheka mwenyewe, na kazi hiyo naiweza kuliko ninyi. Nimetenganisha vijana wa kilo mia waliokuwa wameng'ang'aniana kama kupe. Nimewahi kutemewa mate na mama mzazi wa bingwa wa wilaya. Kwa hiyo Marlys aliponiambia kwamba kuwazoesha sungura wawili kukaa pamoja kunataka wiki nyingi na subira nyingi, nilimpigapiga begani nikamwambia, "Mpenzi, hiyo niachie mimi."

Angekuwa mwepesi wa kuona mambo, angenikimbia siku ile ile.

Marlys alikuwa akisafisha meno ya watu katika kliniki moja mjini mpaka alipostaafu. Mume wake alifariki zamani. Tulikutana kwenye nyumba ya kuokoa sungura waliotupwa, ambako yeye alikwenda kila Jumamosi kujitolea kufagia, na mimi nilikwenda kwa sababu walikuwa wakiuza majani makavu kwa bei nafuu. Alikuwa na sungura jike wa kijivu, masikio yamelala, jina lake Delphine. Mimi nilikuwa na dume mweupe mwenye doa jeusi puani, jina lake Sajini, na nilimsifu mbele ya Marlys kwa muda mrefu bila kugundua kwamba nilikuwa najisifu mimi. Wote wawili walikwisha kufanyiwa upasuaji wa kuzuia uzazi, kwa hiyo suala la mapenzi halikuwapo. Lilibaki suala la nani mkubwa, kama ilivyo kwa wengi wa umri wetu.

Januari nilimwomba ahamie kwangu. Alikubali, ila kwa sharti.

"Mwenye nyumba wangu anataka jibu kabla ya Machi kwisha," alisema. "Ama natoka, ama nasaini mwaka mwingine. Na mimi sihamii mahali ambapo Delphine atafungiwa kwenye chumba cha chini ya nyumba kama gunia la viazi. Wakae pamoja, wakiwa huru, kama sisi. Wasipoelewana, nasaini."

"Wataelewana."

"Hujui, Verlyn."

"Nawajua wanamieleka."

Kusema kweli niliogopa. Nilikuwa nimeishi peke yangu miaka tisa, tangu mke wangu wa kwanza alipoondoka. Yule hakupiga kelele wala kuvunja sahani. Alisimama mlangoni na begi lake akasema, "Kuishi na wewe, Verlyn, ni kupanga chumba kwenye nyumba ya mtu." Nilichukua miaka minane kuelewa alichosema, na mwaka wa tisa nilijidai nimekwisha kubadilika. Marlys alikuwa mtu wa kwanza kuniamini. Sikutaka asaini.

Kwenye ile nyumba ya sungura, mkubwa wao alikuwa Mai See Vang, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye maneno machache na macho yanayokuhesabu mbavu. Alitukalisha akatueleza. Sungura, alisema, hajui ukuta wala mlango, yeye mpaka wake ni harufu. Kila alipokojoa na kila alipojisugua kidevu, hapo ni kwake, na mgeni akiingia hapo ni mwizi. Kwa hiyo mara ya kwanza hukutanishwa mahali ambapo hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga. Pawe pameoshwa kwa siki. Kisichooshika kitolewe nje.

"Mnapo mahali pa hivyo?" akauliza.

"Sebule yangu," nikasema.

Marlys akanitazama. "Sajini haingii sebuleni?"

"Nadra sana."

Sajini alikuwa akilala sebuleni. Alikuwa akila sebuleni. Kulikuwa na kiti changu cha ngozi cha kahawia, kile ambacho ukivuta mkono wake wa pembeni miguu inainuka, nilichokinunua mwaka ambao magoti yangu yalianza kulia, na kwa miaka sita mimi na Sajini tulikaa humo kila jioni kutazama mpira wa magongo kwenye barafu. Pembe moja ya kiti alikwisha kuitafuna mpaka mbao. Mto wake ulikuwa umekunywa mikojo ambayo siki isingeweza kuijua hata jina.

Mbona sikusema kweli? Nilijiambia kwamba sungura wakizoeana huko huko watakakoishi, tutaokoa muda. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na nyumba ile nilitaka ibaki kama ilivyo, ila na Marlys ndani yake.

Basi nikaosha sebule. Nilisugua sakafu kwa siki mpaka macho yakatoa machozi, nikatoa zulia, nikatoa makochi, na kile kiti nikakiburuta hadi gereji. Marlys alikuja kuona, akanibusu shavuni. "Umefanya kazi, mzee," akasema. Alipokwenda zake nikakaa jioni hiyo kwenye kiti cha jikoni kutazama mchezo. Nilivumilia hadi mapumziko ya kwanza. Kisha nikaenda gereji nikakirudisha kiti changu, nikakifunika shuka jeupe safi lililonyooshwa, na Marlys alipoliulizia siku ya pili nikamwambia kwamba hicho kiti nimekipeleka kuoshwa kwa mashine na kimerudi kama kipya. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yangu ilinifikisha karibu na mwisho wa Machi.

Siku ya kwanza ya kuwakutanisha nilivaa vikinga magoti vyangu vya kazini, glavu za jikoni za kutolea mikate, na filimbi shingoni.

"Filimbi ya nini?" Marlys akauliza.

"Tahadhari."

"Verlyn. Ni sungura."

"Na mimi ni refa."

Tukawaachia. Sajini hakumjali mgeni hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye shuka jeupe, akalisugua kidevu mara tatu, huku mimi nikikohoa ili Marlys atazame upande wangu. Halafu akamwendea Delphine, akasimama pua kwa pua, akainamisha kichwa mpaka kikagusa sakafu.

Moyo wangu ulijaa. "Unaona?" nikamnong'oneza Marlys. "Anainama. Hiyo ni adabu. Huyo nimemlea mimi."

Delphine naye akainamisha kichwa mpaka sakafuni.

"Wa kwangu naye kalelewa," akasema Marlys.

Wakabaki hivyo. Vichwa viwili chini, paji kwa paji, hakuna anayetikisika isipokuwa pua. Dakika tano, dakika kumi. Tulishikana mikono kama wazazi kanisani. Dakika ya kumi na nane Sajini alichoka, akazunguka nyuma ya Delphine akampanda, Delphine akageuka akamng'oa manyoya ya tumbo, na mimi nikapuliza filimbi.

Sijui nilitazamia nini. Labda wangesimama, mmoja kila kona, wakinitazama. Sajini aliingia chini ya kiti. Delphine aliruka, akaanguka kwenye mapaja ya Marlys, akamkojolea. Marlys alinyoosha mkono, nikaivua filimbi nikampa, akaitia kwenye mkoba wake, na tangu siku hiyo sijaiona.

Siku ya pili nilikuja na maarifa mapya. Nilikuwa nimesikia kwamba ukiwapaka ndizi mbivu usoni watalambana, na wakishalambana wamekwisha kuwa ndugu. Niliwapaka. Niliwapaka kwa moyo mkunjufu, maana ndizi zenyewe zilikuwa za bei ya kuuzwa ziishe. Sajini alijilamba mwenyewe kadiri ulimi ulivyofika, kisha akalamba vidole vyangu. Delphine alikwenda kujifuta kwenye shuka la kiti, akanusa, akasita, akanusa tena. Halafu akageuka akawa anamkimbiza Sajini kuzunguka sebule nzima, wote wawili na ndizi usoni, na mimi nyuma yao kwa magoti nikipiga kelele "Tenganeni! Tenganeni!" kwa sauti ya ukumbini.

"Huyo anakasirishwa na nini?" Marlys akauliza, akishika kiuno. "Kwangu hata nzi hamkimbizi."

"Wanawake," nikasema.

Afadhali ningenyamaza.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, na tulikuwa tumepanga kwenda kula samaki wa kukaanga jioni. Hatukwenda. Delphine alipanda juu ya kiti. Aliruka tu akatua juu ya mto, juu ya miaka sita ya Sajini, akachutama akakojoa humo bila haraka huku akimtazama. Sajini alimrukia kifuani. Walibiringika chini wakawa mpira mmoja wa manyoya, na manyoya yalikuwa yakipepea hewani, na kulikuwa na sauti ambayo sikujua sungura anayo. Marlys alipiga ukelele. Glavu zilikuwa jikoni. Nikaingiza mikono mitupu katikati, kama nilivyoingiza mara elfu, na meno yakashuka kwenye kidole gumba changu yakakutana.

Hayakuwa ya Delphine. Aliyeniuma alikuwa mwanangu.

Mai See alifika baada ya nusu saa, maana Marlys alikuwa amempigia simu. Aliwakagua sungura kwanza, mmoja mmoja, akipuliza manyoya kutafuta jeraha. Hawakuwa na kitu. Kidole changu alikitazama mara moja akasema, "Kitapona." Kisha akasimama katikati ya sebule akavuta pumzi kwa pua. Akageuka. Akavuta tena. Alinikumbusha mamangu alipokuwa akitafuta sigara zangu.

Akashika pembe ya shuka akalivuta.

"Mzee Verlyn," akasema, "hiki ni nini?"

"Kiti."

"Hiki si kiti. Hii ni hati ya nyumba." Akagusa pembe iliyotafunwa. "Hapa kuna sahihi yake kila mahali. Unamleta binti wa watu kwenye mlango wa mtu halafu unashangaa wanapigana?"

"Lakini siku ya kwanza alimwinamia," nikasema. Hata sasa nikikumbuka naona haya. "Alimwinamia dakika kumi na nane. Kwa adabu kabisa."

Mai See alinitazama kwa huruma, na huruma ya yule dada si jambo la kufurahia. "Sungura akiinamisha kichwa haombi radhi, mzee. Anaamuru. Anasema, nilambe. Mkubwa ndiye anayeinama, na mdogo ndiye anayelamba. Hao wako wawili walikuwa wanakwambia dakika kumi na nane nzima kwamba hapa hashuki mtu."

Marlys alikuwa bado amempakata Delphine. Alimwingiza kwenye kikapu chake, akafunga. Kisha akaliokota lile shuka lililoanguka, akalikunja pembe kwa pembe, akalinyoosha kwa kiganja, akaliweka kwenye ukingo wa dirisha. Aliyekulia huku, ambako mtu akikasirika sana hupanga vitu badala ya kupiga kelele, anajua kwamba hapo mambo yameharibika.

"Ulisema umekiosha kwa mashine," akasema.

"Nilisema."

"Nilikubusu kwa ajili ya ile sebule, Verlyn."

"Marlys, ni kiti tu."

"Ndiyo," akasema. "Ni kiti tu. Na hukuweza kukitoa."

Sisi watu wa kwetu tukiagana tunachukua nusu saa. Tunaagana mezani, tunaagana mlangoni, tunaagana tena tumeegemea dirisha la gari, tukizungumza theluji na magoti ya jirani. Marlys alivaa viatu vyake akatoka na kikapu, Mai See nyuma yake. Nililisikia gari likiwaka kabla sijafika mlangoni.

Nilikaa kwenye kiti changu. Tuseme kweli: baada ya yote hayo, nilikaa kwenye kiti changu. Kilikuwa na unyevu. Sajini alikuja akaruka mapajani kama kawaida yake, na tukakaa, wanaume wawili wenye nyumba yao, na televisheni imezimwa. Nikasikia yale maneno ya kupanga chumba, kwa sauti yake yule wa kwanza, waziwazi kabisa. Nikalia. Sajini alinisubiri kidogo, kisha akainamisha kichwa chake kwenye mkono wangu ili nimkune.

Nilikuwa nimemkuna miaka sita nikidhani ananipenda. Kumbe nilikuwa nalamba.

Asubuhi nilikitoa kiti. Kilikwama mlangoni, na mimi nikakwama nyuma yake ndani ya nyumba yangu, nikalazimika kutoka kwa mlango wa jikoni, nikazunguka kwenye theluji iliyokuwa ikiyeyuka nikiwa na soksi, ili nikivute kwa upande wa pili. Nilikiburuta hadi ukingo wa barabara nikakibandika karatasi: BURE. Nilijua hakitamaliza saa moja. Mtaani kwetu ukiweka kitu cha bure hata sufuria iliyotoboka inaondoka. Nikaingia ndani, nikasimama dirishani kukiaga.

Mtu wa kwanza alisimamisha pikapu, akashuka, akakaa, akavuta mkono, miguu ikainuka. Nikaona wivu. Kisha pua yake ikafanya kazi, akanyanyuka, akajipangusa suruali nyuma na kuondoka. Mwanamke mwenye mbwa alipita, mbwa akakikojolea. Jumapili bado kilikuwepo. Jumatatu mtu alikuwa ameongeza maneno mawili kwenye karatasi yangu, ikasomeka: BURE BADO GHALI.

Siku zote hizo tatu nilikuwa kwa magoti na ndoo ya siki. Safari hii sikudanganya hata ubao mmoja. Niliosha pale kiti kilipokuwa, nikaona sakafu ilivyobaki nyeusi pembeni na nyeupe katikati, umbo la kiti zima, na sikuliweka zulia juu yake.

Jumanne ilikuwa siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Nilimtia Sajini kwenye kapu la nguo na taulo juu, nikaendesha hadi kwa Marlys, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Nilipobisha nilikuwa nahema kiasi kwamba hotuba niliyoiandaa njiani ilinipotea yote.

Alifungua kidogo. "Verlyn."

"Saini," nikasema.

"Nini?"

"Usiache nyumba yako. Saini mkataba, mimi na Sajini tuje kwako. Kama mtatutaka. Hapa ni kwa Delphine, yeye ndiye mkubwa, na sisi..." nikatafuta pumzi, "sisi tutalamba."

Marlys alitazama viatu vyangu, ambavyo nilikuwa nimekwisha kuvivua na kuvipanga vizuri nje ya mlango bila hata kukaribishwa.

"Nyumba yangu ni vyumba viwili, wewe unakoroma kama trekta. Kiti kiko wapi?"

"Barabarani. Tangu Jumamosi. Hakuna anayekitaka."

"Hakuna hata mmoja?"

"Mbwa mmoja. Alikikojolea."

Aliuma mdomo, lakini kicheko kilimshinda, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Halafu akafuta macho, akaitazama korido nyuma yangu. Ilikuwa na zulia la rangi ya uji, milango mitatu imefungwa, hakuna sungura aliyewahi kupita tangu jengo lijengwe.

"Ngoja," akasema, akaingia kumleta Delphine.

Tuliwaweka kwenye zulia, tukakaa chini kila mmoja upande wake, migongo ukutani. Nilikuwa sina filimbi, glavu wala ndizi. Sajini alinusa kushoto na kulia. Hakuna mahali palipokuwa pake. Nilimwona anavyopungua, masikio yakalala, na roho iliniuma kwa ajili yake. Delphine alimwendea polepole, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa.

Sajini naye akaanza kuinama.

"Usifanye hivyo, kijana wangu," nikamwambia kimoyomoyo. "Utabaki na kiti."

Jirani wa Marlys alitoka na kapu lake la kufua, akaturuka mmoja baada ya mwingine bila kuuliza, akashuka ngazi. Alipanda tena mikono mitupu, akaturuka tena. Sajini alikuwa amesimamisha kichwa nusu njia, juu si juu, chini si chini. Kisha akanyoosha shingo akamlamba Delphine kwenye paji la uso. Mara moja tu. Akasita kama mtu aliyeonja chakula cha ugenini. Akalamba tena, na tena, akashuka hadi sikioni, na Delphine akafumba macho.

Nililia waziwazi, mzee mzima, kwenye korido ya watu. Refa hatakiwi kuwa na upande, lakini wangu alikuwa ameshindwa mbele yangu na sijawahi kuona pigano zuri kama lile.

"Sitasaini," Marlys akasema.

"Lakini nimekwambia tutakuja..."

"Nimesikia ulichosema. Kwako kuna ngazi tatu tu. Nitakuja na kiti changu cha kijani, kitakaa pale pale kilipokuwa chako. Na wewe hukikalii mpaka nikwambie."

"Sawa."

"Hujaniuliza lini nitakwambia."

"Siulizi."

Alisogea kwenye zulia kwa makalio, akapita kando ya wale wawili taratibu ili asiwakatize, akaja upande wangu. Halafu akainamisha kichwa, mvi zake zote, mpaka paji lake likagusa kifua changu, akatulia hapo.

Nilikuwa nimekwisha kufundishwa maana yake. Nikainua mkono, na kidole chenye bandeji, nikaanza kumchana nywele kwa vidole.